Kwa nini julepu yako ilitoka chungu na majimaji

Swali: Nilijaribu kutengeneza mint julep nyumbani. Nilitwanga majani ya mnanaa pamoja na sukari mpaka yakawa rojo la kijani, nikamimina bourbon, ile wiski ya Marekani ya mahindi, yenye alkoholi asilimia 40, nikatia vipande vinne vya barafu. Ilitoka chungu, vipande vya majani vikawa vinakwama kwenye meno, na haikupita muda ikawa maji matupu. Kikombe cha fedha kama vile vya Kentucky sina. Nimekosea wapi? Na nikitaka kuwaandalia wageni sita nifanyeje?

Jibu: Ndugu msomaji, bourbon yako haina hatia, na kikombe pia hakina hatia. Kilichokuangusha ni mchi na barafu. Mnanaa umeutwanga ukapita kiasi, na barafu uliyotia ni haba mno. Ukirekebisha hayo mawili tu, bila kununua kitu kipya, kinywaji kitabadilika hadi ushangae.

Tuanze na mnanaa, kwa sababu ndiko uchungu ulikotoka. Mafuta ya harufu ya jani hili hayako ndani kabisa. Yako juu juu, kwenye vifuko vidogo mno vilivyokaa kwenye ngozi ya jani. Ndiyo maana ukipitisha kidole tu juu ya mmea, mkono mzima unanukia. Vifuko hivyo hupasuka kwa kubinywa kidogo, na vikishapasuka mafuta yametoka, basi. Anayeendelea kutwanga hapati harufu zaidi. Anachokamua sasa ni maji ya ndani ya jani, yaani klorofili (ile rangi ya kijani), ukakasi na ladha ya nyasi mbichi. Kama huamini, chukua majani mawili. La kwanza libinye kwa vidole mara moja, ulinuse, kisha ulilambe. La pili lisage kwenye kiganja mpaka liwe jeusi, nalo ulilambe. Uchungu ulioukuta kwenye glasi yako utaukuta kwenye kiganja hicho.

Na wewe ulizidisha kwa kutwangia majani kwenye sukari kavu. Chenga za sukari zina ncha, na chini ya mchi zinafanya kazi kama msasa: zinalichana jani vipande vipande, na hivyo ndivyo vilivyokukwama menoni. Tena sukari ya chenga haipendi kuyeyuka kwenye pombe, sembuse pombe iliyopozwa. Utaikuta imetulia chini, huku kinywaji cha juu hakina utamu. Kwa hiyo tumia shira. Gramu 200 za sukari kwa gramu 100 za maji, weka kwenye moto mdogo, koroga mpaka iwe angavu, epua kabla haijachemka, iache ipoe. Kwenye friji inakaa wiki kadhaa bila shida. Wengine hupika shira nyepesi, maji na sukari sawa kwa sawa. Hiyo nayo inafaa, ila utaongeza kipimo kidogo na utakuwa umeingiza maji zaidi ambayo julepu haiyahitaji.

Aina ya mnanaa nayo ina neno lake. Unaotakiwa ni ule wa harufu tamu, Mentha spicata kwa jina la kisayansi, ambao harufu yake kubwa inatokana na kiungo kiitwacho kavoni. Kentucky wana aina yao ya mnanaa huo huo, inauzwa kwa jina la Kentucky Colonel, lakini usijisumbue kuitafuta. Kilicho muhimu ni kuukwepa ule mnanaa mkali wenye mentholi nyingi. Ukiwa nao mkononi na hujui ni upi, tafuna jani moja kisha vuta pumzi kwa mdomo: ukihisi baridi kali kwenye ulimi na kooni, huo ni wa mentholi. Una kazi zake, lakini kwenye bourbon unafunika kila kitu na kukiachia kinywaji harufu ya dawa. Chuma vichwa vya matawi, majani machanga, uache mabua manene kwa kuwa nayo ni machungu. Osha, kausha kwa kitambaa, kisha simamisha matawi ndani ya maji baridi mpaka utakapoyahitaji. Tawi lililonyauka halina msaada wowote kwenye kinywaji hiki.

Nasema hivyo kwa sababu mnanaa wa julepu ni wa pua kwanza, mdomo baadaye. Majani machache yaliyobinywa chini ya kikombe yanaacha harufu ndani ya pombe, lakini kazi kubwa inafanywa na shada linalosimama juu ya barafu. Hilo ndilo unalonusa kila unapoinama kunywa. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha kinapitia puani, na waliobuni kinywaji hiki walilijua hilo bila kusoma sayansi yoyote. Ndiyo maana mrija wa julepu hukatwa mfupi na kuchomekwa ubavuni mwa shada, ili usiweze kunywa bila kuzamisha pua kwenye majani. Mrija mrefu unamharibia mtu nusu ya kinywaji chake. Mahali pengi wanakosea hapo, hata kwenye baa za bei kubwa.

Sasa barafu. Hapa mambo yamekaa kinyume na watu wanavyodhani. Ulipoona kinywaji kimekuwa maji, pengine ulijiambia kwamba wakati mwingine utatia barafu kidogo zaidi. Usifanye hivyo. Tia nyingi, ijae mpaka ipande juu ya ukingo.

Barafu inapoza kwa kuyeyuka. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka inanyonya joto ambalo lingetosha kuipasha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80 za Selsiasi. Kwa hiyo maji kidogo lazima yaingie. Huwezi kuwa na kinywaji cha baridi kilichopozwa kwa barafu ambacho hakijaingiwa na maji hata kidogo. Swali ni yanaingia kiasi gani na kwa kasi gani. Vipande vyako vinne vilipambana na bourbon ya joto la chumba, kuta za glasi ya joto la chumba, na hewa ya chumba. Vilipomaliza kuipoza glasi, vilikuwa vimebaki vidogo. Na vilipokwisha, hakuna kilichobaki cha kuzuia joto lisirudi. Kikombe kilichoshindiliwa barafu iliyopondwa kinafanya vingine. Mwanzoni kinayeyuka upesi, kwa kuwa barafu ndogondogo ina eneo kubwa linalogusana na pombe. Lakini kwa vile pombe inashusha kiwango cha kuganda, mchanganyiko ule unateremka chini ya sifuri, na ukishafika huko kuyeyuka kunapungua sana. Barafu iliyobaki juu inailinda ya chini. Unapata kinywaji kinachoanza kikiwa kikali na kulainika taratibu, na mpango mzima wa julepu ni huo.

Kuna sharti moja: barafu iwe kavu. Ikitoka kwenye friza ikiwa nyuzi 18 chini ya sifuri, inanyonya joto kabla hata haijaanza kuyeyuka. Iliyokaa mezani ikang'aa kwa maji tayari iko sifuri na inabeba maji ya bure. Njia ya zamani ya kuiponda ni mfuko wa turubai na nyundo ya mbao. Turubai inafyonza maji yanayotoka, barafu inabaki kavu. Kama huna mfuko huo, kitambaa kinene safi cha pamba na mchi mzito vinatosha. Funga, piga, angalia, piga tena, mpaka vipande vingi viwe vya milimita 5 hadi 10. Blenda siipendekezi, inatoa uji wa barafu. Kama ndiyo uliyo nayo, mimina ulichokisaga kwenye chujio kidondoshe maji, kisha kirudishe kwenye friza dakika chache kabla ya kukitumia.

Barafu ina nafasi kubwa hivi kwenye julepu kutokana na historia yake. Mnamo 1803 Mwingereza John Davis alikuwa ameshachapisha maelezo kwamba watu wa Virginia hunywa asubuhi tone la pombe kali iliyolowekwa mnanaa, na hapo hakuna habari ya barafu. Baadaye biashara ya barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya kaskazini ilipopanuka, kazi iliyoanzishwa na Frederic Tudor wa Boston mwaka 1806, kinywaji kilibadilika. Barafu katika majira ya joto ya kusini mwa Marekani ilikuwa anasa, na kikombe kilichofurika barafu kilikuwa namna ya kujionyesha. Aliyefikisha ufundi huo kileleni ni John Dabney, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa huko Richmond, Virginia. Julepu zake zilizorundikwa barafu ziliitwa dhoruba ya mvua ya mawe, na kwa pesa alizojipatia kwenye kazi hiyo alimkomboa mke wake utumwani. Watu wanapochora picha ya julepu wanamchora bwana mwenye shamba akiwa ameketi barazani. Mikono iliyoiunda imekaa nje ya picha.

Isitoshe, julepu za wakati huo nyingi hazikuwa za bourbon. Zilikuwa za konyaki, ile brandi ya zabibu ya Ufaransa, au brandi ya pichi. Wadudu wa filoksera walipoiangamiza mizabibu ya Ufaransa katika nusu ya pili ya karne ya 19, konyaki ikaadimika, na wiski ya Marekani ikakaa kwenye kiti ambacho haijakiacha tena. Kentucky ikaifanya yake. Mbio za farasi za Kentucky Derby zilianza mwaka 1875 kwenye uwanja wa Churchill Downs, Louisville, na tangu 1938 uwanja huo umeinadi julepu kama kinywaji chake. Mbio hizo hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei, na katika siku mbili, ya Derby na ya mbio za Oaks zinazoitangulia, huuzwa karibu julepu 120,000. Ukiona idadi hiyo utaelewa kwa nini nyingi humiminwa kutoka kwenye chupa iliyochanganywa kiwandani. Kwa hiyo usijilinganishe na za uwanjani. Yako ya nyumbani ina kila sababu ya kuzipita.

Nilisema bourbon yako haina hatia, na sibadili kauli, ila kuna ushauri. Kwa kuwa barafu itaingiza maji, pombe yenye nguvu kidogo zaidi inastahimili vizuri. Asilimia 40 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa kisheria kwa bourbon ya chupa, na kwenye julepu inaanza kufifia ukifika katikati ya kikombe. Asilimia 45 hadi 50 ndipo penyewe. Ukiona kwenye lebo maneno "Bottled in Bond", hiyo ni bourbon iliyotengenezwa kwa kufuata sheria ya Marekani ya mwaka 1897: asilimia 50 kamili, imekaa angalau miaka minne kwenye pipa, na yote imetoka kiwanda kimoja katika msimu mmoja. Mara nyingi si ghali, na kwa julepu naichagua kabla ya chupa ya anasa ya miaka 12. Kumwagia barafu na sukari kwenye chupa ya namna hiyo ni kuipoteza.

Bourbon yoyote lazima iwe na mahindi yasiyopungua asilimia 51 na ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, na huko ndiko inakotoa ile harufu ya vanila na sukari iliyoungua. Tofauti unayoionja kati ya chupa na chupa inatokana sana na nafaka inayoyafuata mahindi. Ikiwa ni ngano, kama Maker's Mark, bourbon inakuwa laini na mnanaa unatawala. Ikiwa ni rai (nafaka iitwayo rye kwa Kiingereza) kwa wingi, kama Old Grand-Dad, inakuwa na ukali wa viungo, na huo unapambana na sukari vizuri. Mimi niko upande wa rai. Wapo wataalamu wenzangu wasiokubali, na ubishi huo hautaisha leo.

Sasa tuitengeneze moja. Kikombe kiweke kwenye friza nusu saa kabla. Fedha inasifiwa kwa sababu hakuna metali inayopitisha joto kuishinda, ndiyo maana ubaridi unatoka nje haraka na unyevu wa hewa unaganda kuwa utando mweupe. Bilauri ya chuma cha pua inafanya kazi hiyo hiyo kwa uvivu kidogo. Glasi nene haitaota utando mzuri, lakini ladha haipotezi chochote. Chagua chombo cha mililita 300 hivi.

Weka chini majani 8 hadi 10 ya mnanaa na mililita 10 za shira nzito. Chukua mchi usio na meno, au hata kitako cha kijiko cha mbao, uyabonyeze majani mara nne au tano, kwa uzito wa mkono tu. Yakitoka yakiwa mazima na yamelowa, umefanya sawa; yakianza kuchanika, umepitiliza. Yasugue ukutani mwa kikombe mpaka karibu na ukingo ili harufu ipande. Mimina mililita 60 za bourbon. Jaza barafu iliyopondwa mpaka nusu, kisha koroga kwa kijiko kirefu, ukiinua kutoka chini kwenda juu, mpaka ubavu wa kikombe uanze kuwa mweupe. Usikishike tumboni: kiganja chako kina joto na kitaacha alama pale pale. Shika ukingo au kitako, au tumia kitambaa. Ongeza barafu mpaka ijae, koroga kidogo tena, kisha rundika nyingine juu iwe kichuguu. Chomeka mrija mfupi. Chukua shada la vichwa vitatu vya mnanaa, lipige mara moja kati ya viganja viwili mpaka ulisikie likinuka, ulisimamishe kando ya mrija. Kisha subiri dakika moja kabla ya kunywa. Funda la kwanza linaweza kukupiga kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Ikiwa baada ya yote hayo unaiona kali, ongeza shira kwa mililita 5, usiongeze maji. Na kama unatamani kukamulia limau, kamulia, ila ujue umeshahama: hicho ni kinywaji kingine, kitamu kwa haki yake.

Kwa wageni sita, kazi ifanye mapema isipokuwa ya barafu. Changanya mililita 360 za bourbon na mililita 60 za shira kwenye chupa, itikise, iweke kwenye friji asubuhi. Bourbon ikiingia kwenye kikombe ikiwa baridi tayari, barafu haipotezi nguvu kuipoza. Hutaki kubonyeza majani mara sita wageni wakiwa wamesimama? Loweka majani 50 yaliyobinywa kidogo ndani ya bourbon hiyo kwa dakika 20 hadi 30, uchuje, ndipo utie shira. Usiyaache yalale humo usiku kucha, utaurudisha ule uchungu uliokufanya uniandikie. Tenga kilo 2 za barafu. Ponda saa moja kabla, uitandaze kwenye trei pana ndani ya friza isije ikashikana. Kila mgeni mimina mililita 70 za mchanganyiko, koroga kwenye barafu, rundika, shada, mrija. Mashada yapange tayari kwenye glasi ya maji mezani.

Uwaambie pia nguvu ya walichoshika. Mililita 60 za bourbon ya asilimia 50 zina alkoholi halisi ya karibu gramu 24, wakati kipimo kimoja cha kawaida kwa hesabu za Marekani ni gramu 14. Baridi na utamu vinaficha ukali huo, na julepu ya pili huteleza kirahisi kuliko ya kwanza. Anayeendesha gari mwekee isiyo na pombe, na usimpe soda kana kwamba umemsahau. Chai nyeusi iliyokolea sana, iliyopoa kabisa, mililita 90, pamoja na shira ile ile, majani yale yale yaliyobonyezwa, barafu iliyorundikwa na shada juu. Chai ina ukakasi unaokaribiana na ule wa mwaloni, na kwenye kikombe kilichoota utando mweupe hakuna mezani atakayejua nani anakunywa nini.